Gari Linazima: Kwanza Uliza Linazima Lini

Toyota Corolla 110, iliyoanza kutoka Japani mwaka 1995, bado ni gari la kazi kwa watu wengi Afrika Mashariki, hasa yenye injini ya 5A-FE ya lita 1.5. Likianza kuzimazima, mwenyewe huuziwa pampu ya mafuta, baadaye plagi, kisha kontrol boksi ya mtumba, na gari linaendelea kuzima. Hili linaniuma, kwa sababu pesa hutoka kabla fundi hajauliza swali la kwanza: linazima wakati gani?

Likizima kwenye foleni ukiachia mafuta, au ukiwasha AC, ilhali barabara kuu linakwenda vizuri, usiguse pampu. Tatizo liko kwenye sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hukanyagi mafuta. Ukiondoa mguu, kipepeo cha throto hujifunga na injini huvuta hewa kupitia kinjia chembamba chenye valvu yake. Masizi yakijaa humo, hewa haitoshi. Safisha throto na valvu hiyo kwa dawa yake. Fundi asikaze skrubu ya kipepeo ili kupandisha sailensa. Atakuwa ameficha ugonjwa tu.

Kazi ngumu ni gari linalozima likishapata joto, likipumzishwa robo saa linawaka kama halikuwa na neno. Hapo kuna magonjwa mawili yanayofanana mno. Mmoja ni wa umeme: ndani ya distribyuta, koili yenye waya mwembamba hukatika ikipata joto, ikipoa inashikana tena. Igniter, kifaa cha kielektroniki cha kuwashia cheche, nayo hufanya hivyohivyo. Mwingine ni wa chujio la pampu ndani ya tangi: uchafu huvutwa na kuliziba, pampu ikisimama unaachia na kuzama chini.

Kama gari lako ni la gia za mkono na lina mshale wa RPM, utazame linapozima likiwa bado linaserereka kwenye gia. Mshale ukianguka sifuri papo hapo wakati magurudumu bado yanazungusha injini, shuku umeme. Gari likianza kwa kukwama na kukosa nguvu, mshale ukishuka polepole, shuku mafuta.

Thibitisha palepale, kabla halijapoa. Kama hakuna harufu ya petroli karibu, chomeka plagi ya akiba kwenye waya wa plagi, ilaze iguse chuma cha injini, mwenzako apige stata. Cheche isipoonekana, nenda kwenye distribyuta. Ikionekana, fungua kiboksi cha kupimia chini ya boneti, unganisha matundu ya +B na FP kwa kipande cha waya, washa swichi, kisha minya mpira wa mafuta: unapaswa kuwa mgumu. Wengi husikiliza pampu kwa kuwasha swichi tu, wasiposikia kitu wanasema imekufa. Kwenye injini hii pampu hungoja injini izunguke, kwa hiyo ukimya huo hauthibitishi lolote.

Kwenye kiboksi hichohicho, ukiunganisha TE1 na E1, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, taa ya injini hupepesa namba ya kosa. 12 au 13 ni mawimbi ya distribyuta, 14 ni igniter, 31 ni sensa ya vakyumu. Ikipepesa haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Lakini chujio lililoziba halitoi namba, maana gari hili halina sensa ya presha ya mafuta. Hiyo hupimwa kwa geji kwenye laini ya mafuta, na gereji isiyo na geji isikuuzie pampu.