Mwindaji wa Panya Aliyefungwa Utepe

Ukimkuta amejilaza kwenye kochi, nywele zimefungwa utepe mwekundu utosini, utadhani ni mwanasesere. Subiri kitu kichakure nyuma ya kabati. Kichwa kinainama upande, mwili unakakamaa, na kabla hujauliza kuna nini ameshashuka, pua iko chini ya kabati na makucha yanaparura sakafu.

Huyo ndiye Yorkshire Terrier. Kwa vigezo vya Uingereza, hatakiwi kuzidi kilo 3.2. Ni mdogo, lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Neno terrier lina asili ya Kilatini, terra, yaani ardhi, kwa sababu mbwa wa jamii hii walifugwa ili wafuate windo hadi ndani ya shimo.

Watu wengi humwona mbwa wa mabwanyenye, kumbe waliomfuga kwanza walikuwa makabwela. Katikati ya karne ya 19, wafumaji kutoka Scotland walihamia kaskazini mwa Uingereza kutafuta kazi katika viwanda vya nguo, wakaja na vijibwa vyao. Viwandani panya walikuwa tele, na vijibwa hivyo vilijipatia riziki kwa kuwawinda. Vizazi vya vijibwa hivyo vilizidi kupungua umbo na kurefuka nywele, hata watu wakatania kwamba nywele hizo za hariri zimefumwa kwa mitambo ileile. Mbwa mmoja wa uzao huo, Huddersfield Ben, aliyezaliwa 1865 na kufa 1871, ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa ukoo mzima.

Damu hiyo ya kazi haijapoa. Mwaka 1944, katika Vita Kuu ya Pili, mwanajeshi wa Marekani, William Wynne, alimpata kijibwa wa aina hii aliyeokotwa katika handaki huko New Guinea, akamwita Smoky. Baadaye, huko Ufilipino, Smoky alipita ndani ya bomba jembamba la urefu wa mita 21 hivi chini ya uwanja wa ndege, akivuta waya wa simu huku bwana wake akimwita kutoka upande wa pili. Bila yeye, askari wangelazimika kuufukua uwanja.

Sasa fikiria kiumbe wa namna hiyo anapobebwa kutwa kwenye mkoba. Atachoshwa na kukosa kazi, na kuchoka huko utakusikia: atabweka kila geti likilia. Mtoe matembezi kila siku, mfichie kipande cha nyama akitafute, mfundishe kunyamaza tangu akiwa mdogo. Unapomtembeza, kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, maana bomba lake la hewa ni laini na hubonyea kwa urahisi.

Nywele zake hazikomi kukua, kama zetu. Usipozichana kila siku zitasokotana. Asiye na muda azikate fupi. Meno nayo hubanana katika kinywa kile kidogo na kuharibika mapema, hivyo apigwe mswaki kwa dawa ya meno ya mbwa, si ya watu. Chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa, isisubiri.

Kwa watoto, sheria iwe moja: anayetaka kumshika aketi sakafuni kwanza. Akiponyoka mikononi mwa mtoto aliyesimama, mguu wake unaweza kuvunjika.

Akitunzwa vizuri huishi miaka 12 hadi 15. Mtoto aliye darasa la kwanza leo anaweza kufika chuo mbwa akiwa bado mlangoni. Kwa hiyo kabla ya kumleta, kaeni kama familia mkubaliane nani atamchana, nani atampiga mswaki, nani atamtembeza alfajiri. Kama jibu la maswali yote matatu ni “dada wa kazi”, basi bado hamjawa tayari.