Kabla ya Kurusha Droni Karagwe, Tazama Mgomba

Asubuhi na mapema bonde la Mto Kagera hujaa ukungu, na aliyesimama kilimani Kyerwa huona vilele tu vikichomoza. Kila mwenye droni huitamani picha hiyo. Nawasihi vijana wetu wasubiri kwanza.

Ukungu ule ni maji: hulowesha lenzi na mapanga, na droni ikizama humo huioni tena. Jua likipanda ukungu unaondoka, lakini miteremko nayo inapata joto na upepo unaanza kukwea kutoka bondeni. Hapo uani uliposimama, katikati ya migomba na mibuni, jani halitikisiki. Usidanganyike. Tafuta mgomba ulio peke yake juu ukingoni. Kama majani yake yamechanika vipande vipande na yanapigapiga, huo ndio upepo utakaoikuta droni yako. Droni ndogo nyingi hustahimili upepo wa takriban mita 10 kwa sekunde, si zaidi. Msimu wa mvua, ngurumo ya kwanza ikisikika, ishushe.

Milima ina mtego mwingine. Kimo unachokisoma kwenye skrini huhesabiwa kuanzia uliporushia, si kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Tuseme umeipangia irudi yenyewe kwa kimo cha mita 60, nayo imepita nyuma ya kilima cha mita 100. Kilima kinakata mawasiliano ya rimoti, droni inaanza safari ya kurudi, na inakivaa kilima kilekile.

Halafu kuna sheria, na hapa sina subira na wanaojifanya hawajui. Droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kibali cha upande wa ulinzi ni lazima. Tangu 2019 Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe ni hifadhi za taifa. Humo hurushi bila ruhusa ya TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi hizo. Ng'ambo ya mto ni Rwanda, na ukifika Murongo unatazamana na Uganda. Upepo wa mashariki ukizidi nguvu, droni inavuka mpaka bila wewe kutaka. Mkoa huu wa Kagera ulivamiwa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda mwaka 1978. Kitu kinachovuma angani mpakani hakichukuliwi kama mchezo.

Beba nakala ya kibali, na umwone mwenyekiti wa kijiji kabla hujafungua begi.