Fahamu: Lebo za jaribio la mtama zinavyoandikwa na kompyuta

Chukua jaribio la mtama kando ya Nile, Juba: mbegu aina 3, mbolea iwekwe au isiwekwe, marudio 4, jumla vipande 24 vya shamba. Katika programu ya R, amri gl(3, 8) huandika kila mbegu mara 8 mfululizo, na gl(2, 4, 24) hubadilisha mbolea kila baada ya mistari 4, hivyo kila mseto hupata vipande 4. Utasema kuziandika lebo kwa mkono kunatosha. Lakini lebo moja ikikosewa, mavuno ya mbegu hii huhesabiwa kwa ile. Pingamizi zito zaidi ni mafuriko. Maji yakisomba vipande viwili, amri ya gl huendelea kudai ulinganifu usiokuwepo tena, na hapo lebo lazima zitoke kwenye daftari la shambani. Tena mpangilio huu wa gl ni wa jedwali tu: shambani vipande hugawiwa kwa kura.