Chuma cha Ubavuni: cha Kupandia au cha Kukingia?

Mkulima mwenye Land Rover au pikapu ya kubebea mazao huambiwa na mafundi, "Mzee, tukutilie chuma ubavuni." Shauri hilo ni jema, lakini kabla ya kutoa fedha uliza: ni chuma cha kupandia au cha kukingia? Viko vya namna mbili, na kazi zake si moja.

Cha kwanza ni ngazi. Hii hufungwa chini ya milango ili mtu akanyage na kupanda. Mara nyingi ni bomba jepesi, nayo hubeba uzito wa mtu tu. Gari likikalia jiwe, ngazi hupinda, hata huweza kubonyeza ubavu na kuuzuia mlango usifunguke.

Cha pili ni kinga. Hii ni bomba nene lililoshikwa kwenye chasisi, yaani uti wa mgongo wa gari. Jiwe likigusa, uzito hukaa juu ya bomba, na gari huteleza likapita. Mwenye Land Rover ya zamani akumbuke kwamba gari hilo, tangu lilipoanza kuuzwa mwaka 1948, mwili wake ni wa aluminiamu, nayo hubonyea upesi.

Basi chagua kwa kutazama njia yako. Ukikaa Dallas, mjini Embu, na safari zako ni za lami, ngazi yatosha; wazee na akina mama watakushukuru. Lakini ukiteremka Mbeere kuchukua ndengu katika njia za mawe, au ukipanda vilima vya Nyambene huko Meru kufuata miraa wakati wa mvua, nunua kinga. Ngazi inayoning'inia chini sana itanasa penye korongo, nawe utalala njiani na mzigo unaoharibika.

Fundi akimaliza, fanya hivi:

1. Chungulia chini. Kinga iliyofungwa kwenye bati la mwili badala ya chasisi si kinga.

2. Simamisha gari mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, kisha weka jeki chini ya bomba uinue kidogo. Mtu yeyote asiingie chini ya gari. Bomba likipinda, mrudishie fundi kazi yake.

3. Hakikisha halikugusa mabomba ya breki wala ya mafuta.

4. Lipake rangi, na liwe na matundu ya kutolea maji, lisioze kwa kutu.

Kumbuka pia kwamba kila kilo ya chuma huipunguza shehena yako kilo moja. Ukitaka faida zote mbili, agiza kinga yenye bati la kukwaruza juu, ipate kukanyagwa. Wala usimruhusu mtu kuning'inia hapo gari likienda. Chuma hicho ni cha kupandia gari likiwa limesimama. Si kiti cha abiria.