Fayawoli na Kiini Chake (Sehemu ya Pili)

Toleo lililopita tuliona jinsi fayawoli inavyokagua pakiti za data, hizi ikizipitisha na zile ikizitupa. Leo tushuke chini yake. Fayawoli ya Linux hukaa ndani ya kiini cha mfumo endeshi, yaani sehemu inayotawala kumbukumbu, diski na kila programu. Kiini ndicho msingi ambao fayawoli imesimama juu yake. Wakazi wa Kilembe walioyaona mafuriko ya mto Nyamwamba, Mei 2013 na tena Mei 2020, wanajua kwamba maji yakichimba msingi ukuta huanguka, hata mawe yake yakiwa mazima.

Kazi ya kukagua pakiti hufanywa na Netfilter, iliyomo kwenye kiini tangu toleo la 2.4 la mwaka 2001. Sehemu yake mpya zaidi, nf_tables, ilikuwa na kasoro katika matoleo kuanzia 3.15 la mwaka 2014. Ilizibwa Januari 2024, na namba yake ni CVE-2024-1086.

Kila pakiti hupewa hukumu: ipite au itupwe. Mtu aliweza kuandika kanuni yenye hukumu ya kutupa, ila imebeba ndani yake namba ya kosa ambayo kiini, kikiisoma baadaye, kiliichukua kuwa "ipite". Pakiti ikafutwa kwenye kumbukumbu, kisha ikaendelea kushughulikiwa kana kwamba ipo, hatimaye ikafutwa mara ya pili. Hapo ndipo mshambuliaji anapopenya na kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Kasoro hii peke yake haimwingizi mtu kutoka nje. Humpandisha cheo aliyekwisha kuingia, pengine kwa nenosiri la wizi. Mwishoni mwa Mei 2024, CISA, shirika la Marekani la usalama wa mitandao, liliiingiza kwenye orodha ya kasoro ambazo wahalifu wanazitumia. Kiraka cha kuiziba kilikuwa kimetoka miezi minne nyuma.

Ucheleweshaji huu wa kuweka viraka si mpya. Mwaka 2018 ruta za MikroTik, zinazopendwa sana Afrika Mashariki, zilitolewa kiraka mwezi Aprili. Kufikia Agosti maelfu kwa maelfu ambazo hazikusasishwa zilikuwa zimetekwa ili kuchimba sarafu za kidijitali.

Fundi anayejivunia seva isiyozimwa mwaka mzima anajivunia hatari. Kwa kawaida kupakua kiraka hakutoshi: kiini cha zamani huendelea kutawala mpaka mashine iwashwe upya. Na toleo lililokwisha kuachwa na watengenezaji halitapata kiraka kamwe; dawa yake ni kulibadilisha.

Kwa hiyo wewe msimamizi wa SACCO mjini Kasese, au wakala wa forodha wa Bwera unayepitisha nyaraka za mizigo ya Kongo pale Mpondwe, muulize fundi wako maswali mawili. Kiini chetu ni toleo gani, na mara ya mwisho mashine iliwashwa upya lini? Kwenye Linux, amri za "uname -r" na "uptime" hujibu papo hapo. Asipokuwa na jibu, mwombe azipige mbele yako.