Philip Waruinge, Bondia wa Nakuru Aliyekwenda Japani

Katika nchi ya Usukuma, tangu Shinyanga hata Geita, watu wamezoea mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu. Makundi mawili hucheza katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kundi na manju wake, wala hakuna mwamuzi aliyeketi na kalamu mkononi. Watazamaji wenyewe ndio wanaoamua. Wakilihama kundi moja na kulikimbilia la pili, basi shauri limekwisha, na kila mtu ameona kwa macho yake ni nani aliyeshinda.

Mchezo wa ngumi wa ridhaa, katika siku za Waruinge, haukuwa na hukumu ya namna hiyo. Watu elfu kumi waliweza kumshangilia mmoja hata sauti zikawakauka, na bado neno lilikuwa la watu watano tu walioketi kando ya ulingo. Kila mmoja wao aliandika hesabu yake peke yake, pasipo kushauriana na mwenziwe. Watatu wakikubaliana, wawili wamepitwa. Mara mbili katika maisha yake Philip Waruinge alisimama ulingoni akingojea hesabu ya watu hao watano, na mara zote mbili ikamkosa kwa kura moja.

Waruinge alizaliwa mwaka 1945, akawa bondia wa Nakuru, mji wa Bonde la Ufa nchini Kenya ambao umetoa mabondia wengi. Uzani wake uliitwa uzani wa unyoya, yaani uzani wa mtu asiyezidi kilo 57. Mwili kama huo unazidi kidogo tu mfuko mmoja wa saruji. Mtu wa kadiri hiyo haangushi watu kwa ukubwa wa mkono. Kazi yake ni kupiga na kutoweka: mkono wa kushoto unatangulia kupima umbali, kichwa kinainama, ngumi ya adui inapita juu, na kabla adui hajarudisha mkono wake amekwisha pigwa mara mbili.

Alipokuwa kijana wa miaka 19 alipelekwa Tokyo, mji mkuu wa Japani, katika Mashindano ya Olimpiki ya mwaka 1964. Hakupata nishani. Lakini alikuwa amekwisha iona nchi ile, naye alikuwa na safari nyingine huko ambayo hakuijua bado. Miaka miwili baadaye, Kingston katika Jamaika, akatwaa nishani ya dhahabu ya mashindano ya Jumuiya ya Madola.

Hata ukafika mwaka 1968, mashindano ya Olimpiki yakafanyika Mexico City. Mapigano ya ridhaa siku zile yalikuwa ya raundi tatu, kila raundi dakika tatu, basi mtu alikuwa na dakika tisa tu za kuonyesha yote anayoyajua. Waruinge akashinda akasonga mbele, mpaka akabakiza hatua moja kabla ya fainali. Aliyesimama mbele yake alikuwa Antonio Roldán, kijana wa Meksiko yenyewe, naye alikuwa kwao, mbele ya watu wa kwao. Dakika tisa zikaisha. Waamuzi watatu wakampa Roldán, wawili wakampa Waruinge. Roldán akaenda kwenye fainali, na huko mpinzani wake Mmarekani aliondolewa na refa kwa kosa la kumpiga kwa kichwa, hivyo dhahabu ikabaki Meksiko. Waruinge akapewa shaba.

Mambo hayakuishia hapo. Katika Olimpiki za siku zile lilitolewa kombe moja lililoitwa Kombe la Val Barker, lililoanza kutolewa mwaka 1936. Kombe hili halikupewa mtu kwa kuwa ameangusha wengi. Lilipewa bondia mmoja katika mabondia wote, wa kila uzani, aliyeonyesha ufundi bora. Mwaka ule alikuwako George Foreman, jitu la Marekani lililotwaa dhahabu ya uzani mzito, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia na kupigana na Muhammad Ali mjini Kinshasa mwaka 1974. Walikuwako na mabingwa wengine wa dhahabu. Kombe lilipotolewa, likaenda kwa yule Mkenya wa kilo 57 mwenye nishani ya shaba.

Watoto wa Geita, ambao wamewaona watu wakiponda mawe na kuosha mchanga kutafuta punje za dhahabu, pengine wangependa kujua jambo moja. Nishani ya dhahabu ya Olimpiki si dhahabu tupu. Ni fedha iliyopakwa dhahabu juu yake, na dhahabu yenyewe ni kiasi cha gramu sita hivi. Sonara wa mgodini hangetoa bei kubwa kwa gramu sita. Hata hivyo watu hufanya kazi miaka kumi kwa ajili yake, na wengi hawaipati.

Mwaka 1970 Waruinge alikwenda Edinburgh, nchini Uskoti, akatwaa tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Katika mashindano hayo hayo Mtanzania Titus Simba alipata nishani ya fedha katika uzani wa kati, baada ya kushindwa na John Conteh wa Uingereza katika fainali. Basi majirani hawa wawili, Kenya na Tanganyika ya zamani, walirudi nyumbani kila mmoja na chake.

Kisha ikaja Olimpiki ya Munich, Ujerumani, mwaka 1972. Waruinge alikuwa na miaka 27, na safari hii alifika fainali. Mpinzani wake alikuwa Boris Kuznetsov wa Umoja wa Kisovyeti. Raundi tatu zikaisha, hesabu zikakusanywa. Watatu kwa Kuznetsov, wawili kwa Waruinge. Hesabu ilikuwa ile ile ya Mexico, na safari hii akapewa fedha.

Sasa yafaa kueleza tofauti ya bondia wa ridhaa na bondia wa kulipwa. Bondia wa ridhaa siku zile hakuruhusiwa kupokea fedha kwa kupigana. Aliyekwisha kupokea hakukubaliwa katika Olimpiki, na sheria hiyo ilidumu katika ngumi mpaka mwaka 2016. Hivyo mtu aliyetaka kula kwa ngumi zake alivuka daraja lisilo na njia ya kurudi. Waruinge alilivuka mwaka 1973, naye hakulivukia kwao. Alikwenda Japani.

Wajapani walikuwa na desturi yao katika mchezo huu. Aliyewafundisha kwanza ni Yujiro Watanabe, aliyekwenda Marekani akiwa kijana, akajifunza ngumi San Francisco na kupigana huko kwa malipo. Mwaka 1921 alirudi kwao akafungua nyumba ya kufundishia ngumi mjini Tokyo, kisha akaanza kuandaa mapigano ya hadhara, watu wakaja kutazama. Tangu hapo Wajapani humwita baba wa ngumi zao. Wengi wamefuata nyayo zake. Masahiko Harada, aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzani mwepesi kabisa mwaka 1962 na wa uzani wa bantamu mwaka 1965, naye baada ya kuvua glavu aliongoza nyumba yake ya ngumi. Kwa desturi hiyo bondia wa Japani hasimami peke yake. Sharti awe mtu wa nyumba fulani, na mwenye nyumba ndiye anayemtafutia mpinzani, kupanga siku, na mara nyingi kuwa promota, yaani mwenye kukodi ukumbi na kuuza tikiti. Hasara ikija ni yake, na faida pia. Bondia hupata mlinzi, lakini naye amejifunga kwa mlinzi huyo.

Huko Waruinge akapata jina jipya. Katika vitabu vya ngumi za kulipwa aliandikwa Waruinge Nakayama. Kazi nayo ilikuwa nyingine. Pigano la ubingwa wa dunia siku zile lilikuwa la raundi 15, yaani dakika 45 mahali pa zile tisa. Ufundi wa kupiga na kutoweka, ulio mzuri sana kwa dakika tisa, hutaka mapafu mengine na miguu mingine kwa dakika 45. Tena mwanafunzi huyo mpya alikuwa amekwisha pita miaka 28.

Hata hivyo alipata nafasi mbili za kuwa bingwa wa dunia, zote katika mwaka 1976. Mwezi wa Aprili alikwenda Panama kupigania taji jipya la uzani ulio chini ya ule wa unyoya, na mwenyeji Rigoberto Riasco akamshinda kabla ya raundi ya kumi. Mwezi wa Novemba akashuka uzani tena, mpaka bantamu, yaani kilo 53 na nusu, akaenda Culiacán, Meksiko, kupambana na Carlos Zárate. Zárate alikuwa na miaka 25, hajapata kushindwa na mtu, na karibu wote aliopigana nao aliwaangusha. Waruinge alikuwa na miaka 31. Akaangushwa katika raundi ya nne.

Safari hii hapakuwa na haja ya kuhesabu kura za waamuzi.

Aliacha kupigana kabla miaka ya sabini haijaisha, akafariki mwaka 2022. Anayemtafuta katika orodha za Olimpiki humkuta kwa jina la Philip Waruinge wa Kenya, na katika orodha za mabondia wa kulipwa humkuta kwa jina la Nakayama. Asiyejua huweza kudhani ni watu wawili.