Pamba na Vidonda vya Samaki Bwawani

Mfugaji wa Nkende akiona kitu cheupe kama pamba mgongoni mwa sato wake, huja mbio kuomba dawa. Lakini swali la kwanza silo hilo. Jiulize kwanza: samaki huyu alijeruhiwa wapi, na lini?

Pamba hiyo ni ukungu. Mbegu zake ndogo mno zimo katika kila bwawa na kila kijito, wala huwezi kuzimaliza. Samaki mzima hazimdhuru, kwa kuwa mwili wake umefunikwa na ute, nao ute ndio ngao yake. Ute ukifutika, au gamba likibanduka, mbegu hushika penye jeraha, huota nyuzi, na kula nyama pole pole. Mara nyingi anayeifuta ngao hiyo ni mwenye bwawa mwenyewe: kwa wavu mkavu, kwa mikono mikavu, kwa kumtupa samaki chini, au kwa kubeba vifaranga wengi mno katika dumu moja juu ya pikipiki.

Tena sisi huku juu tuna baridi. Sato hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi. Miezi ya Juni na Julai maji ya bwawa hupoa usiku, samaki hula kidogo na nguvu ya mwili wake hupungua, lakini ukungu hauzuiwi na baridi hiyo. Kwa hiyo usivue wala usihamishe samaki wakati huo ila kwa lazima. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea: nilileta vifaranga kutoka upande wa ziwa, nikawamimina mara moja katika maji baridi ya bwawa. Siku ya nne walikuwa na pamba, na wengi walikufa. Siku hizi mfuko nauelekeza kwanza juu ya maji ya bwawa kwa robo saa au zaidi, kisha naingiza maji ya bwawa ndani yake kidogo kidogo.

Ugonjwa wa pili waletwa na vijidudu viitwavyo bakteria. Hapa huoni pamba. Utaona madoa mekundu, vidonda, mapezi yaliyolika, tumbo lililovimba, magamba yaliyosimama au macho yaliyotoka nje. Yafaa ujue tofauti hiyo, maana chumvi husaidia samaki mwenye ukungu na vidonda vya juu, lakini haifiki kwa vijidudu vilivyokwisha kuingia tumboni.

Chumvi itumiwe hivi. Twaa beseni kubwa la plastiki. Usitumie chombo cha bati, kwa sababu chumvi hutoa sumu katika bati. Tia maji ya bwawa lile lile, na kwa kila lita 20 koroga gramu 200 za chumvi ya kawaida mpaka iyeyuke yote. Usitumie magadi, magadi si chumvi, nayo huunguza mashavu ya samaki. Fanya kazi hii asubuhi kungali na ubaridi. Jaribu kwanza kwa samaki wawili. Wakiwa salama, waogeshe wengine, wachache kwa mara moja, kwa dakika 10 hadi 20. Samaki akilala ubavu, mtoe upesi, hata kama dakika hazijatimia. Kwa kambale tumia nusu ya chumvi, maana hawaivumilii kama sato.

Chumvi hudhoofisha ukungu, lakini ina kazi nyingine pia. Damu ya samaki ina chumvi kuliko maji ya bwawa; akiwa na jeraha, chumvi yake humtoka na maji humwingia. Kuogeshwa humpumzisha.

Wengine huuliza kama waweza kumwaga chumvi bwawani. Piga hesabu: bwawa la mita 10 kwa 15, lenye kina cha mita moja, lina lita 150,000. Kwa kipimo kile kile utahitaji kilo 1,500, na maji hayo ukiyafungulia migombani utaiharibu ardhi yako.

Dawa ya ng'ombe iliyobaki katika chupa usiimwage bwawani. Hupotea majini, huwazoeza vijidudu mpaka dawa isiwaweze tena, na mabaki yake huingia katika nyama watakayokula watoto wako. Ikiwa vidonda vinaenea, mwite Bwana Samaki au daktari wa mifugo aone samaki angali hai. Akitoa dawa ya kuchanganya na chakula, mwulize ni siku ngapi zipite kabla ya kuvua, uziheshimu. Vile vile iache dawa ya kijani iitwayo malakaiti, ambayo wafugaji wa samaki wa mapambo huitumia kwa ukungu. Nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa samaki wa kuliwa.

Wakati unamngoja, punguza chakula, usitie samadi, na ingiza maji mapya. Zamisha mkono mpaka kiwiko: usipoviona vidole vyako, samadi imezidi. Alfajiri tazama kama samaki wanahema juu ya maji. Wakifanya hivyo hewa imepungua, na samaki aliyekosa hewa hupatwa na kila ugonjwa. Ufugaji wa samaki ulianza kujaribiwa nchini mwaka 1949 huko Korogwe na Malya, na mabwawa mengi yaliyofuata hayakuzaa kitu, sababu moja ikiwa ni matunzo mabaya.

Waliokufa watoe kila asubuhi, uwafukie mbali na maji; usiwauze wala usiwape mbwa. Ukiwa na kidonda mkononi, mwombe mwingine aingie, maana baadhi ya vijidudu hivyo humwingia mtu pia. Wavu uanike juani mpaka ukauke kabisa kabla ya kumwazima jirani. Ikiwa bwawa zima limeangamia, lifungulie maji, liache likauke kwa majuma mawili, kisha nyunyiza kilo 10 hadi 15 za chokaa isiyozimwa kwa kila mita 100 za mraba, ukijifunika macho na mikono. Lijaze maji, ungoje majuma mawili mengine, ndipo ulete vifaranga wapya.